Kidonge cha Mama na Ziwa la Mtoto

Katika kuwatembelea wazazi wapya wa mashirika yetu, tumekuta zaidi ya mara moja jambo lenye kuhuzunisha: mtoto analilia ziwa, na kando ya kitanda kuna pakiti ya vidonge ambayo haijaguswa. Mama ni mgonjwa wa figo. Muganga amemwandikia dawa, lakini shangazi na majirani wamemwonya kwamba dawa kali hupita katika maziwa na kumharibu mtoto. Basi mama anaacha dawa kimya kimya, bila kumwambia aliyemwandikia. Mwingine hufanya kinyume: anameza dawa na kumwachisha mtoto, akaanza kununua maziwa ya kopo ambayo fedha zake zitakwisha kabla ya mwezi kwisha. Sisi twaona kwamba, mara nyingi, hakuna hata mmoja kati yao aliyelazimika kuteseka hivyo.

Ni kweli kwamba dawa nyingi hupita kutoka damu ya mama hadi katika maziwa. Lakini kupita si sawa na kudhuru. Wataalamu hupima ni kiasi gani kinamfikia mtoto, wakilinganisha uzito wake na ule wa mama. Kwa dawa nyingi, kikiwa chini ya asilimia 10 ya kipimo cha mama, huhesabiwa kuwa kidogo. Enalapril, inayotumiwa sana kushusha shinikizo la damu na kulinda figo, hufika kwa mtoto chini ya asilimia 1. Captopril vilevile hupita kidogo sana.

Hapa ndipo uvumi mwingi unapozaliwa. Dawa hizo mbili hukatazwa kabisa wakati wa mimba, kwa kuwa zaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Mama aliyeambiwa hivyo akiwa mjamzito hubaki na hofu hiyo hata baada ya kujifungua. Lakini tumbo na ziwa si njia moja. Tumboni, mtoto hupokea dawa kupitia damu ya mama. Katika maziwa hupata chembe tu. Ndiyo maana mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2019, unaitaja enalapril miongoni mwa dawa za shinikizo zinazoweza kupewa mama anayenyonyesha. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye siku chache tu, figo zake bado ni changa. Huyo anahitaji jicho la muganga. Naye mama anayetumia dawa hizo akidhani amepata mimba nyingine, aende kituo cha afya bila kukawia.

Kuna nyingine pia ambazo kwa kawaida hupatana na kunyonyesha: nifedipine na labetalol kwa shinikizo, na prednisolone kwa magonjwa ya figo yanayotokana na kinga ya mwili. Prednisolone ikitolewa kwa kipimo kikubwa, muganga aweza kumshauri mama angoje saa chache kabla ya kunyonyesha. Dawa za kuongeza mkojo, kama furosemide, zikizidi zaweza kupunguza maziwa. Na zipo zinazokataza kunyonyesha kabisa: cyclophosphamide ni mojawapo. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila dawa ni salama. Twasema kwamba kila dawa ina jibu lake, na jibu hilo halipatikani kwa jirani.

Ajabu ni kwamba hofu yetu mara nyingi hulenga mahali pasipo pake. Mama yuleyule anayeogopa kidonge alichoandikiwa, hununua ibuprofen dukani bila kuuliza mtu, kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Katika maziwa ibuprofen ni kidogo sana, wala haimtishi mtoto. Lakini kwa figo zilizokwisha kudhoofika, yaweza kuwa hatari kubwa. Vivyo hivyo kwa mizizi na majani yanayochemshwa bila mtu kujua kipimo chake: baadhi ya mimea huua figo polepole.

Wako watakaosema kwamba tahadhari haijamdhuru mtu, na kwamba ni heri kuacha dawa kuliko kumweka mtoto hatarini. Twaelewa upendo ulio katika neno hilo, lakini hatukubaliani nalo. Shinikizo lisilotibiwa huzidi kuzibomoa figo, na prednisolone ikikatwa ghafla yaweza kumwangusha mgonjwa. Figo zikishindwa kabisa, mashine za kusafisha damu katika nchi yetu ziko katika miji michache, na gharama yake huvunja jamaa nzima. Na mtoto aliyeachishwa ziwa pahali ambapo maji si safi hukutana na kuhara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Tahadhari inayomnyima mama dawa na mtoto maziwa si tahadhari tena.

Basi twaomba mambo machache. Mama amwambie muganga waziwazi: ninanyonyesha, mtoto ana umri huu, alizaliwa kwa wakati au kabla. Asikate dawa kabla ya kuuliza. Amwangalie mtoto: je, ananyonya vizuri, anakojoa kama kawaida, anaongeza uzito siku ya kupima watoto? Akilegea au akisinzia kupita kiasi, apelekwe mara moja. Baba naye asimwache mke wake aulize peke yake.

Na sisi tunaotembelea wagonjwa, tujifunze kunyamaza pale tusipojua. Badala ya kusema, «Acha hiyo dawa,» tuseme, «Mama, chukua pakiti yako, twende pamoja tukaulize.»