Padi za gemu: Bei ya chini isimponze mwenye mtaji mdogo

KATIKA maduka ya vifaa vya kompyuta ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni jambo la kawaida kukuta padi za kuchezea gemu za bei ya chini kabisa zimepangwa bega kwa bega na zile zinazouzwa mara tatu au nne ya bei hiyo. Kwa macho zote ni ndugu: vitufe, vijiti viwili vya kuelekezea na waya wa USB. Mnunuzi wa rejareja, na hata mwenye duka anayezichukua kwa jumla, huishia kuuliza swali moja tu: ipi rahisi? Swali hilo ndilo linalokula mitaji.

Anayeumia zaidi si kijana anayecheza nyumbani kwao. Ni mwekezaji mdogo aliyefungua chumba cha gemu chenye kompyuta mbili tatu, anayetoza kwa nusu saa au kwa mechi. Kwake padi ni chombo cha uzalishaji, kama ilivyo cherehani kwa fundi wa nguo. Ikiharibika, kompyuta nzima inalala na mteja anahamia kwa jirani.

Chukuliwe mfano wa hesabu. Padi ya Sh 20,000 ikidumu miezi miwili, gharama yake ni Sh 10,000 kwa mwezi. Padi ya Sh 90,000 ikidumu miezi 18, gharama yake ni Sh 5,000 kwa mwezi. Aliyedhani amebana matumizi ndiye anayelipa mara mbili, na hapo hayajahesabiwa mapato ya siku ambazo kompyuta ilikaa bila mchezaji. Bei za sokoni hupanda na kushuka, lakini kanuni ni ile ile: padi ipimwe kwa gharama ya mwezi, si kwa bei ya siku ya kununua.

Sehemu inayoamua umri wa padi ni kijiti cha kuelekezea. Katika padi nyingi, chini ya kijiti kuna kipande kidogo cha chuma kinachosugua utando wa kaboni kila kijiti kinaposogezwa. Utando huo ukichakaa, padi hutuma ishara hata kijiti kikiwa kimetulia, na mchezaji wa kwenye skrini huanza kutembea peke yake. Hakuna anayelipia mechi ya namna hiyo.

Jina kubwa la kampuni peke yake si kinga. Nintendo ya Japani ilishtakiwa nchini Marekani mwaka 2019 kwa sababu ya vijiti vya padi za mashine yake ya Switch kusogea vyenyewe, na mwaka 2020 rais wa kampuni hiyo aliwaomba radhi wateja kwa usumbufu walioupata. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kuzitengeneza bure padi zenye kasoro hiyo katika Umoja wa Ulaya.

Dawa yake ipo na wala si ngeni. Ni kijiti kinachotumia sumaku, ambacho kwenye boksi huandikwa "Hall Effect". Sumaku na kipimo chake havigusani, hivyo hakuna kinachosuguliwa. Sega iliitumia njia hiyo katika padi ya Dreamcast tangu mwaka 1998. Leo kampuni kama 8BitDo na GameSir zinauza padi za kompyuta za aina hiyo kwa bei ya kati. Hata hivyo, mnunuzi asidanganyike: sumaku inalinda kijiti tu. Vitufe, springi na waya huchakaa kama kawaida.

Jambo la pili ni lugha ambayo padi inazungumza na Windows. Gemu nyingi za leo zinategemea mfumo wa XInput ulioletwa na Microsoft mwaka 2005 pamoja na Xbox 360. Padi zinazojua mfumo wa zamani wa DirectInput peke yake huweza kuwaka taa na bado gemu lisizitambue. Padi za PlayStation hufanya kazi, lakini mara nyingi huhitaji msaada wa programu kama Steam. Mwenye chumba cha gemu asiyetaka kushinda akirekebisha mipangilio achague yenye XInput.

La tatu ni waya. Padi isiyo na waya inapendeza sebuleni, lakini katika biashara inaongeza betri ya kuchaji na betri ya kuchakaa, tena ni rahisi kutoka mlangoni mfukoni mwa mtu. Waya hauna mbwembwe, lakini unaingiza fedha.

Kuzipima hakuhitaji fundi. Padi ichomekwe kwenye kompyuta ya dukani, kisha iandikwe amri ya joy.cpl katika Windows na kufunguliwa sehemu ya sifa za padi. Alama ya msalaba ikae katikati kijiti kinapoachwa, na ifike pembeni kinaposukumwa. Kila kitufe kinapobonyezwa, taa yake kwenye skrini iwake. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika mbili amekwisha kujibu swali kuhusu bidhaa yake.

Kuna wafanyabiashara watakaosema kuwa wateja ndio wanaotaka vya bei ya chini. Ni kweli, na hakuna ubaya kuviuza kwa jina lake. Ubaya ni kuuza padi bandia katika boksi lenye nembo ya kampuni kubwa. Licha ya kumwibia mlaji, ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani inaweza kuukamata mzigo huo. Mtaji wa mwaka mzima unaweza kuteketea kwa siku moja.

Mwenye duka mwerevu ataweka kompyuta moja ya majaribio mezani, atamweleza mteja tofauti ya vijiti, na atatoa dhamana hata ya mwezi mmoja. Faida ya kila padi inaweza kuwa ndogo, lakini mwenye chumba cha gemu atarudi kununua nyingine, na atakuja na mwenzake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.