Waosha Magari Nao ni Wafanyakazi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi aishi kwa jasho lake. Kijana aamkaye alfajiri na ndoo, sabuni na kitambaa, akaosha magari ya watu kwa ujira, analitimiza hilo. Hatuoni sababu ya kumwita mzururaji.

Kazi yake si ya urembo tu. Hapa Visiwani upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo hula bati la gari. Asiyeliosha gari lake kwa maji baridi, juu na chini, atalipoteza mapema.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli. Maji baridi ya Unguja, kwa sehemu kubwa, huchotwa ardhini, na mahali pengi ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Oili na sabuni zinazomwagwa leo kando ya kisima, kesho zaweza kuwamo kisimani.

Kuwafukuza vijana hakuponyi dosari hiyo. Afukuzwaye barabarani atahamia bondeni, karibu zaidi na maji. Tunawaomba wahusika wa manispaa na wa maji watenge viwanja vyenye sakafu ya saruji, mtaro na shimo la kunasia oili. Nao vijana waunde ushirika, walipie maji, na waache kuacha mpira ukimwaga ovyo.

Magari ya maofisa wengi hung'arishwa na vijana hao hao. Wanastahili kupatiwa mahali halali pa kufanyia kazi.