Rili Mbili Ufukweni Moa

Mama mwenzangu, mwezi huu sikuandikii habari za kuhara wala lishe ya mtoto. Nakupeleka Moa, upande wa baharini kutoka hapa kwetu Horohoro. Huko nilikaa Jumamosi mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikimtazama mtoto wa marehemu kaka yangu akijaribu rili mpya za kuvulia samaki. Rili ni ile mashine ndogo ya mkono inayokunja mshipi wa nailoni.

Wifi yangu alikuwa amekopa kikoba ili anunue moja. Nilimgombeza. Mjane mwenye watoto wanne akope kwa ajili ya mchezo wa Wazungu? Ndipo akanieleza kwamba kuna watu walimwita kijana akaungane nao kwenye baruti. Nikanyamaza. Uvuvi huo umekatazwa na sheria tangu 1970, na pwani yetu ya Tanga umepungua kuliko zamani, lakini mimi nimefunga bendeji mkono uliobaki bila vidole, na mwenyewe alikuwa na umri kama wa huyu wetu.

Basi jamaa yetu dereva alileta rili mbili kutoka Mombasa: tuzijaribu, tuchukue moja, nyingine aichukue yeye. Kwenye maboksi palikuwa na picha ya samaki mnene mwenye magamba makubwa. Huyo ni karpi, samaki wa maji baridi. Uingereza wapo wanaomvizia ukingoni usiku na mchana, wakimpata humpima uzito, humpiga picha, kisha humrudisha majini. Wifi aliposikia hayo alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka sana. Chombo kilichotengenezwa kwa bwawa la maji baridi kitaiwezaje chumvi yetu?

Kabla ya kutupa ndoana tulifunga mshipi kwenye dumu lenye mchanga, kijana akalivuta polepole ufukweni. Hapo ndipo utaijua breki. Breki nzuri huachia mshipi taratibu samaki anapovuta kwa nguvu; mbovu hushika, huachia ghafula, hushika tena. Rili ndogo ilikuwa ya namna hiyo ya pili. Ile kubwa ilikwenda laini, tena ina kijiti nyuma: ukikisukuma, samaki hukimbia na chambo bila kuhisi kizuizi, na ukizungusha mkono breki inarudi. Karpi ni mwoga, ndiyo sababu waliiweka. Changu wetu naye si mjinga.

Maji yalipoanza kujaa, kijana akatupa chambo cha ngisi mpaka kwenye mkondo, mbali na mizizi ya mikoko. Kwa mkono mtupu asingefika. Rili ndogo ilipata kolekole, breki ikashika, mshipi ukakatika, na chubwi na ndoana vikaenda zake. Kubwa ikaleta changu wawili na hongwe mmoja.

Huyo hongwe alinipa kazi. Mwiba wake ulimchoma kijana kiganjani, akalia kama mtoto mchanga. Sumu ya miiba ya namna hii hutulizwa na joto. Nilichukua chupa ya chai, nikachanganya maji yale na ya kawaida, nikayapima kwanza kwa mkono wangu mimi, kwa maana mwenye maumivu anaweza kuungua asijue. Akatumbukiza mkono kwa zaidi ya nusu saa, tukiongeza moto kidogo kidogo, na maumivu yakapungua. Kisha tukasafisha kidonda na kwenda kituo cha afya akachomwe sindano ya pepopunda. Na ndoana ikimzamia mtu usiichomoe kwa nguvu, ina kijino kinachorarua nyama. Ikiwa karibu na jicho usiiguse kabisa, mpeleke hospitali.

Kwa zahama hiyo tukasahau rili kwenye gunia, zimelowa maji ya bahari. Jumamosi ya pili ndogo ilikataa kuzunguka. Kubwa ilikuwa inalia kama bawaba ya mlango, ila ilizunguka. Siku hizi kijana anakaza breki ili maji yasiingie ndani, anaimwagia maji baridi kidogo kidogo, anaifuta, anatia tone la mafuta, kisha anailegeza breki.

Nisikufiche, siku ile ya pili mzee mmoja ndani ya mtumbwi, mshipi wake umezungushwa kwenye kipande cha mti, alipata samaki wengi kutuzidi. Mwenye chombo hahitaji mashine hii, akae na fedha zake. Kijana wetu hana mtumbwi wala wa kumwazima, na anavulia nchi kavu. Nikamwambia wifi achukue ile kubwa.

Kuna siku anarudi na ndoo tupu, na siku hizo naona jinsi mama yake anavyomchungulia usoni. Mwezi uliopita alileta changu wa kutosha, wifi akauza wote isipokuwa mmoja wa mchuzi, akapeleka rejesho la kwanza la kikoba. Rili inalala chini ya kitanda chake, imefungwa ndani ya kanga kuukuu, breki imelegezwa.