Hei Mkoani Mara: Faida ya Ekari Moja Ipimwe kwa Gharama, Siyo kwa Bei ya Robota

Mvua za masika zinapokoma, malisho ya asili katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara huanza kupungua, na ifikapo Agosti ng'ombe wengi huwa wamedhoofu. Athari zake haziishii kwenye maziwa na bei ya mnadani. Maksai wanaodhoofu kiangazi ndio wanaotegemewa kukokota plau vuli inapoanza, hivyo njaa ya mifugo huchelewesha pia kilimo cha kaya.

Nafasi ya kupanua machungio ni finyu. Mashamba ya pamba, mahindi na mihogo yameenea, na wilaya ya Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambamo kuchunga mifugo ni marufuku. Kupanda nyasi na kuzihifadhi kama hei ni njia inayoshauriwa na wataalamu wa mifugo. Swali ni iwapo njia hiyo inamlipa mwenye ekari moja au mbili.

Gharama kubwa ya kwanza ni kuanzisha shamba. Mbegu za nyasi kama rodesi ni ndogo sana. Huhitaji ardhi iliyolainishwa vizuri, kufukiwa kwa kina kifupi na palizi ya mapema. Hata hivyo, nyasi hizo huishi miaka kadhaa. Kwa mfano wa hesabu, mfugaji aliyetumia shilingi 300,000 kuanzisha ekari moja, kisha akavuna marobota 60 na shamba likafa, amebeba shilingi 5,000 kwa kila robota kabla ya kulipa vibarua. Akilitunza kwa miaka mitano na kuvuna marobota 100 kila mwaka, mzigo huo hushuka hadi shilingi 600.

Gharama ya pili hurudi kila mwaka: kukata, kukausha, kufunga na kuhifadhi. Mashine ya kufunga hei haina nafasi kwenye ekari moja. Kasha la mbao na kamba ya katani vinatosha. Ugumu uko kwenye wakati. Nyasi hufaa kukatwa zinapoanza kutoa maua, lakini zikikatwa mvua ikingali inanyesha huota ukungu. Zikisubiri hadi zikomae, hubaki mabua yenye lishe duni. Hei pia ikikosa paa na chanja ya kuiinua kutoka ardhini, huharibiwa na mvua na mchwa.

Gharama ya tatu husahaulika: rutuba. Kila robota linalotoka shambani huondoka na virutubisho. Samadi ya zizini ikirudishwa shambani, hupunguza hasara hiyo bila kununua mbolea.

Kwa upande wa manufaa, ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 7 za hei kwa siku akikosa malisho mengine. Kwa siku 90 ni kilo 630, sawa na marobota 42 ya kilo 15. Jozi moja ya maksai huhitaji marobota 84. Kwa hiyo, ekari inayotoa marobota 100 hutosheleza jozi hiyo na kubakiza machache ya kuuza.

Hesabu hiyo inaonesha kuwa hei ya ekari moja ni akiba ya kaya kabla ya kuwa biashara. Mfugaji anayelenga soko hukutana na gharama ya usafiri, kwa kuwa hei hujaza gari kabla ya kulifikisha uzito wake. Kwa wanaotaka kuuza, kuungana katika kikundi hugawanya gharama za ghala na usafiri. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Hatua ya busara ni kuanza na eneo dogo, kuandika kila shilingi na kila siku ya kazi, ikiwemo kazi ya familia, na kumshirikisha afisa mifugo wa kata kabla ya kununua mbegu. Ekari iliyopandwa nyasi ni ekari isiyopandwa mahindi. Uamuzi huo unastahili hesabu kamili.