Si Qadar Peke Yake, ni Bajeti



Kila mama akifa kwenye uzazi huku kwetu, utasikia maneno yale yale msibani: "Ni qadar ya Allah." Tunazika, tunasoma dua, watoto wa marehemu wanagawanywa kwa bibi na makhalati, basi. Hakuna anayeuliza ambulensi ilikuwa wapi.

Qadar tunaiamini, ni nguzo ya imani. Lakini sisi ni watu wa ngamia, na tulifundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Sasa tujiulize: ni nani alipewa kamba na hakufunga?

Hebu tazama hesabu. Kwa sensa ya 2019, katika kila vizazi hai 100,000 nchini Kenya, akina mama 355 hufa. Garissa ni 641. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta kwamba Vihiga watoto 96 kwa kila 100 wamepata chanjo zote za msingi. Garissa? 23. Nchi moja, katiba moja, bendera moja. Au qadar nayo ina mipaka ya kaunti?

Wanaua nini hawa mama zetu? Kutokwa damu. Kifafa cha mimba. Uchungu uliokwama. Yote yana tiba: sindano, chupa ya damu, chumba cha upasuaji, mkunga aliyesomea. Mama wa Garissa mjini anaweza kuvifikia. Mama wa Hulugho au Fafi akianza kutokwa damu saa nane za usiku, ana barabara ya mchanga, na mvua ikinyesha hata hiyo hana.

Hii haikuja yenyewe. Mwaka 1965 serikali iliandika kwenye Waraka wake Nambari 10 kwamba pesa za maendeleo ziende kule kwenye ardhi na mvua nzuri. Sisi tukaachiwa sheria ya hali ya hatari mpaka 1991. Katiba ya 2010 ikakiri dhuluma hiyo: Kifungu cha 204 kikaanzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Miaka 20 inaisha 2030. Pesa zimechelewa miaka na miaka. Nani amewajibika?

Kisha tazama wanavyopanga afya ya taifa. Mwaka 2013 uzazi ulitangazwa kuwa bure katika hospitali za umma, na baadaye mpango ukaitwa Linda Mama. Mama hakudaiwa mchango wowote. Oktoba 2024 ikaja SHA. Asiye na mshahara anatakiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na anadaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mfugaji ambaye ukame umemmalizia mbuzi atautoa wapi? Aliyepanga hivi alimfikiria mwenye duka Nairobi, hakumfikiria mama wa Balambala.

Na kujisajili kunataka kitambulisho. Hapo kila mtu wa kwetu anajua hadithi. Wazazi wetu wamekaa miaka kwenye foleni za kuhojiwa uraia wao. Wako Wakenya wa Garissa ambao alama zao za vidole ziko kwenye rejista ya wakimbizi, kwa hiyo hawatambuliki. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba mahojiano yale ya ziada yamekwisha. Sawa, tumesikia. Lakini mimba haingoji tangazo lifike kwa chifu. Kunyimwa kitambulisho ni suala la uraia, na leo limekuwa suala la uhai.

Tusiilaumu Nairobi peke yake. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Wakubwa wetu wakiumwa wanapanda ndege, zahanati za vijijini wamezifunga kufuli. Na sisi wanaume: tunakataa mke asipasuliwe mpaka wazee wakae kikao, tunakeketa mabinti, halafu mama akifa tunasema ameenda shahidi. Ndiyo, tumefundishwa kwamba afaye kwa uzazi ana daraja ya shahidi. Hiyo ni rehema ya Mola kwake. Sio ruhusa kwetu kumwacha afe.

Kwa hivyo kijana, kasirika, halafu fanya kazi. Kisheria kaunti lazima itoe mpango wake wa mwaka kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na wananchi lazima wasikizwe. Nenda kwenye hicho kikao. Usiende kuchukua soda na posho. Uliza maswali matatu: Ambulensi ya wadi yetu iko wapi na mafuta yake yametengewa shilingi ngapi? Zahanati yetu ina mkunga wa usiku? Hospitali ina damu leo? Andika majibu, rekodi, yaweke mtandaoni.

Na msiba ukitokea, toa pole, shika jeneza, omba dua. Halafu ukitoka makaburini, uliza ile kamba alikuwa nayo nani.