Siku ya Kupima Damu Ilipwe



Katika mashamba ya miwa na chai hapa Uganda wamo wenzetu wanaomeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Wengine wamewekewa vali ya bandia moyoni. Wengine damu iliwaganda mguuni.

Dawa hii inaokoa maisha, lakini ina makali. Huko Marekani ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu binadamu. Panya hufa kwa kuvuja damu ndani. Mtu naye ikimzidi huvuja damu vivyo hivyo. Kinachoitenga dawa na sumu ni kipimo.

Kipimo hicho cha damu huitwa INR. Kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikipita 4.5 na damu haitoki, kwa kawaida daktari husimamisha dozi na kupima tena. Kikipita 10, hutoa na vitamini K ya kumeza. Damu ikitoka kwa wingi, mgonjwa huchomwa vitamini K mshipani na huweza kuongezewa plazma. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Sasa, kibarua atapima lini? Hospitali iko mbali, foleni ni ya kutwa, na asiyefika kazini halipwi. Basi huchagua chakula cha watoto, akaendelea kumeza vidonge bila kujua damu yake ikoje. Mgongo ukimuuma hununua aspirini au diklofenaki, nazo huzidisha hatari ya kuvuja damu. Akipewa metronidazoli kwa tumbo, INR hupanda. Panga likimteleza, nyapara husema ni uzembe!

Nasema huo si uzembe. Ni masharti mabaya ya kazi. Katika mkataba wetu tudai haya:

1. Siku ya kupima damu ilipwe kama siku ya kazi.
2. Anayemeza dawa hii apewe kazi isiyo ya panga, bila kupunguziwa mshahara.
3. Gari la kumpeleka mgonjwa hospitali liwepo usiku na mchana.

Nasi tutimize wajibu wetu. Mweleze kila mganga kuwa unameza warfarini. Usiiache kwa shauri lako, maana damu inaweza kuganda kwenye vali. Ukiona damu ya pua isiyokoma, mkojo mwekundu au choo cheusi kama lami, au ukigongwa kichwani, nenda hospitali mara moja. Mwenzako akikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie njiani.

Mgonjwa mmoja akidai peke yake hufukuzwa. Tukidai sote, watatusikiliza.