Nani Anakaa Kiti cha Katikati?

Mwezi huu tuongelee ugomvi ambao hauanzii chumbani wala kwenye meseji za simu. Unaanzia sebuleni, siku spika mpya zinapotolewa kwenye boksi.

Spika nyingi za kawaida ni kama tochi. Sauti nzito husambaa kila upande, lakini ile nyembamba inayobeba maneno ya wimbo huelekea mbele. Ukitaka raha kamili lazima ukae katikati ya spika mbili. Tatizo ni kwamba kiti cha katikati ni kimoja! Mmoja wenu anakuwa mfalme, mwenzake aliye pembeni anasikia spika moja tu, halafu anaulizwa kwa nini hafurahii muziki.

Ndiyo maana kuna spika za pande zote, zinazotoa sauti kama kandili linavyotoa mwanga. Kampuni ya mbl ya Ujerumani inajulikana kwa aina hii. HomePod ya kwanza ya Apple, iliyotoka mwaka 2018, ilikuwa na vipaza sauti vidogo 7 vilivyopangwa kwa duara. Nao Bose waliwahi kuuza modeli ya 901 tangu 1968 hadi 2016. Hiyo haikuwa ya pande zote hasa, ila kati ya vipaza sauti vyake 9, vinane vilitazama ukutani. Ukiwa na spika ya pande zote, aliye kwenye sofa na anayekatakata vitunguu jikoni wanapata karibu ladha ileile. Kwa wapendanao, hapo si haba.

Lakini msikimbilie dukani kwanza. Spika hii mnainunua pamoja na kuta zenu. Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, yenye dari la mita 3, sofa na mapazia. Kwa hesabu za wataalamu wa sauti, ukikaa zaidi ya sentimita 60 hivi kutoka kwenye spika ya pande zote, sauti inayorudi kutoka ukutani, darini na sakafuni inazidi ile inayotoka kwenye spika yenyewe. Toa zulia na mapazia, baki na vigae vitupu na vioo, na umbali huo unashuka hadi kama sentimita 35. Nani anakaa hapo?

Sauti kurudi si ubaya. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa kila elfu moja ya sekunde, na sikio huichanganya ile inayorudi mapema na ile ya kwanza, ukasikia muziki mpana, mnene. Ubaya ni spika ikibanwa ukutani, au sauti ikizunguka chumbani bila kufa. Hapo maneno yanavurugika. Mnaangalia filamu, mmoja anasema "ongeza", mwingine anasema "punguza", na jirani naye anagonga ukuta.

Sasa fanyeni hivi, tena wote wawili. Simameni sebuleni mpige kofi moja. Mkisikia mlio unaotetema ukifuata, pesa ya kwanza iende kwenye zulia, mapazia mazito na kabati la vitabu. Spika isogezwe mbali na ukuta, ikiwezekana mita moja, na isikae kwenye kona, maana kona huivimbisha besi. Kama mnaishi chumba na sebule na hiyo mita moja haipatikani, spika za kawaida zilizoelekezwa kwenye sofa zitawasaidia zaidi. Kama sebule ni kubwa na imeungana na jiko, hapo spika ya pande zote ndiyo mahali pake.

Na kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji awawashie wimbo mnaoujua wote. Mmoja akae, mwingine atembee, kisha mbadilishane. Asiyejali mambo ya mitambo naye ana masikio, na sebule ni yake pia. Mkishindwa kukubaliana dukani, hamtakubaliana nyumbani.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni, na msikilizane!